Kulehemu Vidoa Vidogo vya Shaba katika Pedali za Gitaa

Pedali ya gitaa ni kisanduku kidogo cha chuma kiwekwacho sakafuni mbele ya mpigaji. Hupokea ishara dhaifu ya umeme itokayo kwenye gitaa, huigeuza tabia yake, kisha huipeleka kwenye amplifaya. Zipo pedali za kuikwaruza sauti, za kuirudisha kama mwangwi, na za kuiyumbisha kama wimbi. Nyingi hutumia umeme wa volti 9 tu, na kwa sababu hiyo zimekuwa shule nzuri ya elektroniki kwa vijana wengi. Volti 9 hazimdhuru mwanafunzi, vipande vyake si vingi, na kazi ikimalizika mtu husikia kwa masikio yake mwenyewe kama amefaulu au ameshindwa.

Hata hivyo, ndani ya kisanduku hicho limo jambo linalowashinda wanafunzi wengi, na mara nyingine hata mafundi redio wazoefu. Kila mguu wa kila kipande hushikizwa kwenye bodi kwa lehemu, juu ya duara dogo la shaba ambalo katika makala haya tutaliita kidoa. Kidoa kikibanduka, bodi nzima huweza kutupwa ingawa vipande vyake vyote ni vizima. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini vidoa hubanduka, na jinsi fundi awezavyo kulehemu bila kuvidhuru. Msomaji ataona kwamba jibu linakwenda kinyume na wanavyodhani wengi: kidoa kidogo hakilindwi kwa chuma chenye moto hafifu, bali kwa joto la kutosha litolewalo kwa muda mfupi.

Pedali na bodi yake

Maestro Fuzz-Tone FZ-1, iliyotolewa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1962, ndiyo iliyofungua njia ya pedali za kukwaruza sauti. Ilipata umaarufu mkubwa mwaka 1965, baada ya kundi la Rolling Stones la Uingereza kuitumia katika wimbo wao "(I Can't Get No) Satisfaction". Mwaka uliofuata kampuni ya Arbiter ya London ilitoa pedali ya mviringo iitwayo Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliifanya ijulikane kote.

Fuzz Face ni mfano mzuri kwa somo letu kwa sababu ya uchache wa vipande vyake: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na potenshomita 2. Vyote kwa jumla ni 11. Katika saketi ndogo namna hiyo hakuna kiungo cha akiba. Kimoja kikilegea, pedali hunyamaza au huanza kukoroma. Tena kazi ya saketi hii ni kuikuza ishara mara nyingi mno, kwa hiyo mkwaruzo mdogo utokao katika kiungo kibovu hukuzwa pamoja na muziki, na wasikilizaji wote ukumbini huusikia.

Sasa tuitazame bodi yenyewe. Mwaka 1936 mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, aliunda redio ambayo nyaya zake za ndani zilikuwa njia za shaba zilizobandikwa juu ya ubao usiopitisha umeme. Wazo hilo ndilo mama wa bodi za leo. Bodi ya kawaida siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, na juu yake hubandikwa karatasi ya shaba yenye unene wa takribani maikromita 35, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya milimita. Shaba isiyotakiwa huondolewa kwa kemikali, zikabaki njia na vidoa peke yake.

Bodi nyingi za zamani hazikuwa za nyuzi za kioo, bali za karatasi iliyoloweshwa kwa gundi ya fenoli. Hizo hutambulikana kwa rangi yake ya kahawia, nazo huishika shaba kwa udhaifu zaidi. Aidha, bodi yenye shaba upande mmoja tu hukitegemeza kidoa kwa gundi peke yake. Katika bodi yenye shaba pande zote mbili, ukuta wa tundu nao hupakwa shaba, ukakiunganisha kidoa cha juu na cha chini kama ribiti inavyounganisha mabati mawili. Kwa hiyo fundi anayefungua pedali ya miaka ya 1960 au 1970 hana budi kujua kwamba ameshika kitu dhaifu kuliko pedali iliyotengenezwa jana.

Yanayotokea lehemu inapoyeyuka

Lehemu ya jadi ni aloi ya bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Sentigredi, na risasi kwenye nyuzi 327. Lakini zikichanganywa kwa kiasi cha sehemu 63 za bati na 37 za risasi, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu, tena kwa ghafula, bila kupitia hali ya ujiuji. Sifa hiyo ya mwisho ina faida kubwa kwa kazi ndogo, kwa sababu kiungo hakikai muda mrefu kikiwa nusu kigumu na nusu maji, hali ambayo mtikisiko mdogo tu huweza kukipasua.

Ulaya ilipoanza kuzuia matumizi ya risasi katika vyombo vya elektroniki, Julai 2006, viwanda vingi vilihamia kwenye lehemu isiyo na risasi. Moja inayotumika sana ina asilimia 96.5 ya bati, 3 ya fedha na 0.5 ya shaba, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Tofauti hiyo ya nyuzi zaidi ya 30 si ndogo. Fundi aliyezoea lehemu ya risasi akikutana na pedali ya namna hii huona chuma chake kimekuwa kama kimepungukiwa nguvu.

Wengi hudhani lehemu ni gundi ya chuma. Sivyo. Gundi hushika kwa kung'ang'ania juu juu, ilhali lehemu iliyoyeyuka huingiliana na shaba. Atomu za bati na za shaba huungana na kufanya tabaka jipya lenye unene wa maikromita chache tu, na tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe. Ili liweze kufanyika, masharti mawili ni lazima yatimie. Kwanza, shaba iwe safi, kwa maana oksaidi iliyo juu yake huizuia bati isiigusse shaba. Pili, shaba yenyewe iwe imefikia joto la kuyeyusha lehemu. Lehemu ikidondoshewa kwenye shaba baridi huganda juu yake kama tone la nta kwenye sahani: kwa macho huonekana imeshika, lakini hakuna kiungo.

Kazi ya kuondoa oksaidi ni ya fluksi. Waya wa lehemu ya elektroniki huwa na uwazi katikati uliojazwa fluksi, ambayo kwa kawaida hutokana na utomvu wa msonobari. Utomvu huo ukiwa baridi ni mpole, ukipata joto huwa na asidi ya kutosha kuyeyusha oksaidi, kisha ukipoa hurudia upole wake. Fluksi ya mafundi bomba, ambayo aghalabu ina kloridi ya zinki, haina upole huo. Huendelea kula shaba hata baada ya kazi kwisha, hasa katika hewa yenye unyevu na chumvi kama ya pwani, na isitumike kamwe kwenye bodi ya saketi.

Hesabu ndogo ya joto

Tuchukue kidoa chenye kipenyo cha milimita 2 na tundu la milimita 0.8. Eneo la shaba yake ni takribani milimita za mraba 2.6. Tukizidisha kwa unene wa milimita 0.035 na kwa uzito wa shaba, tunapata uzito usiofika hata miligramu 1. Kuipandisha shaba hiyo joto kutoka nyuzi 25 hadi 225 kunahitaji nishati ya takribani jouli 0.06. Hicho ni kiasi kidogo mno. Chuma cha kulehemu cha wati 40 hutoa jouli 40 kila sekunde.

Linganisha na uwanja wa shaba unaotumiwa kama njia ya chini ya saketi. Katika bodi yenye ukubwa wa milimita 60 kwa 100, uwanja huo ukifunika upande mmoja wote, eneo lake ni zaidi ya mara 2,000 ya eneo la kidoa chetu. Tena shaba hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko bodi ya epoksi na nyuzi za kioo. Kwa hiyo kidoa kilichosimama peke yake hupata moto mara moja, kwa sababu joto halina pa kukimbilia. Kidoa kilichoungana na uwanja wa shaba hupoteza joto kwa kasi kama maji katika ndoo iliyotoboka. Vidoa hivi viwili huweza kukaa bega kwa bega katika bodi moja, na fundi asiyejua tofauti yao hukiunguza kimoja na kukiacha kingine kibichi.

Hapa tunafikia kiini cha tatizo. Epoksi ya bodi za kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 130 hadi 140 hivi. Lehemu huyeyuka kwenye 183 au 217. Maana yake ni kwamba kila mara tunapolehemu, pasipo kosa lolote la fundi, kitu kinachokishikilia kidoa kimekwisha kupita kiwango cha uimara wake. Kinachokiokoa kidoa ni mambo mawili: muda huwa mfupi, kiasi kwamba gundi hulainika lakini haiungui, na hakuna nguvu inayokivuta wala kukisukuma wakati imelainika. Fundi akikumbuka mambo hayo mawili, kanuni nyingine zote zitakuwa rahisi kuzielewa.

Chuma dhaifu huunguza zaidi

Mwanafunzi anayeogopa kuunguza bodi hutafuta chuma chenye wati chache na ncha kali kama sindano. Nia yake ni njema, lakini matokeo huwa kinyume. Ncha ya sindano hugusa eneo dogo mno, hivyo joto hupita kwa shida. Lehemu haiyeyuki, mwanafunzi hungoja, sekunde kumi hupita, kisha hukandamiza kwa nguvu akidhani kukandamiza kutasaidia. Wakati wote huo gundi iliyo chini ya kidoa imelainika na sasa inaungua, na mkono unaisukuma shaba pembeni. Kidoa hubanduka, naye hulaumu joto kuwa lilizidi, ilhali kilichozidi ni muda na nguvu.

Chuma kizuri ni kile chenye kidhibiti cha joto, kilichowekwa kwenye nyuzi 320 hadi 350 kwa lehemu ya risasi, na kuongezwa kidogo kwa lehemu isiyo na risasi. Ncha yake iwe bapa kama patasi ndogo, yenye upana unaokaribiana na upana wa kidoa. Panapokuwa na uwanja wa shaba, fundi abadili ncha aweke pana zaidi kabla ya kufikiria kuongeza joto.

Wapo wasio na chuma chenye kidhibiti, nao wanapaswa kufahamu jambo moja kuhusu umeme wa nyumbani. Nguvu ya chuma cha kawaida hubadilika kwa kipeo cha pili cha volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, jambo linalotokea katika maeneo mengi nyakati za jioni, chuma cha wati 40 hubakiwa na takribani wati 24.5 tu. Ni heri kazi ya bodi ndogo ifanywe saa ambazo umeme umetulia, kuliko kung'ang'ana na chuma kilichopungua nguvu kwa zaidi ya theluthi moja.

Ncha nayo ina siri yake. Ndani ni shaba, kwa ajili ya kupitisha joto. Nje imevikwa tabaka la chuma, kwa sababu lehemu iliyoyeyuka huila shaba. Fundi akiikwangua ncha kwa tupa huondoa vazi hilo, na ncha huanza kuliwa kwa haraka. Isafishwe kwa sifongo chenye unyevu au kwa nyuzi za shaba ya manjano, na ipakwe lehemu kidogo kabla ya kuwekwa kando. Ncha iliyokuwa nyeusi haipitishi joto, hata chuma kiwe cha wati mia.

Hatua za kulehemu mguu unaopita tunduni

Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii utulivu wote hutangulia kabla ya chuma kugusa bodi. Kugusa kwenyewe huwa kwa sekunde chache tu. Taratibu ni hizi:

1. Safisha kidoa na mguu wa kipande. Kama shaba imefifia, isuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli, kisha ipanguswe kwa alkoholi.

2. Hakikisha bodi haitikisiki. Iwekwe katika kishikio, mikono yote miwili ibaki huru.

3. Pangusa ncha ya chuma, uiguse kwa lehemu kidogo sana. Tone hilo dogo ndilo daraja la kupitishia joto.

4. Gusisha ncha kwenye kidoa na kwenye mguu kwa wakati mmoja, bila kukandamiza.

5. Baada ya takribani sekunde moja, peleka waya wa lehemu upande wa pili wa mguu, wala si juu ya ncha. Lehemu ikiyeyuka hapo, una hakika kwamba shaba yenyewe imepata moto. Waya uwe mwembamba, wa milimita 0.5 au 0.6, ili usimimine kupita kiasi.

6. Lehemu ikitandaa na kukizunguka kidoa chote, ondoa waya kwanza, kisha chuma. Usipulize, usitikise.

Yote hayo huchukua sekunde 2 hadi 3. Zikipita sekunde 4 na lehemu haijatandaa, ondoa chuma, acha bodi ipoe kabisa, tafuta sababu. Huenda ncha ni chafu, huenda shaba ina oksaidi, huenda kidoa kimeungana na uwanja wa shaba. Kuendelea kungoja hakutibu hata moja kati ya sababu hizo.

Kiungo chema kina umbo la mteremko wenye mbonyeo, kama hema lililofungwa kwenye nguzo. Umbo la tone la mviringo ni dalili kwamba lehemu imezidi au haikushika. Ung'avu ni kipimo kizuri kwa lehemu ya risasi; lehemu isiyo na risasi huwa na uso uliofifia hata kiungo kikiwa kizima, na asiyejua hilo hurudia kukichoma kiungo kisicho na kosa.

Vipande vinavyokaa juu ya bodi

Pedali nyingi za siku hizi hutumia vipande visivyo na miguu, vinavyolazwa juu ya vidoa bapa. Rezista ya ukubwa mmoja unaotumika sana ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, ni ndogo kuliko punje ya mchele. Vidoa vyake havina tundu, wala ukuta wa shaba wa kuvishikilia. Gundi ndiyo tegemeo pekee.

Mbinu yake ni hii. Paka lehemu kidogo kwenye kidoa kimoja tu. Shika kipande kwa kibano chenye ncha nyembamba, yeyusha lehemu ile, sogeza kipande mpaka kikae mahali pake, ondoa chuma na usubiri igande. Kikiwa kimesimama sawa, lehemu upande wa pili kwa utulivu. Mwishoni rudi upande wa kwanza na fluksi kidogo, uufanye upya, kwa sababu kiungo cha kwanza kilifanywa kwa kushikizia tu. Kama kipande kimekaa upande, usikisukume kikiwa baridi, kwa maana kitaondoka pamoja na kidoa chake.

Kwa vipande vyenye miguu mingi, ambavyo nafasi kutoka mguu hadi mguu ni milimita 1.27, shikiza kwanza miguu miwili iliyo kwenye pembe zinazokabiliana. Paka fluksi ya kutosha, kisha pitisha ncha yenye lehemu kidogo kutoka mguu hadi mguu. Lehemu ikiunganisha miguu miwili, weka utambi wa shaba juu yake na ncha juu ya utambi. Lehemu itapanda katika utambi kama mafuta ya taa yapandavyo katika kandili. Utambi uinuliwe ungali moto. Ukigandia pale na kuvutwa, huondoka na kidoa.

Transista za jemaniamu, swichi na soketi

Pedali za zamani za kukwaruza sauti zilitumia transista za jemaniamu, na wapo waundaji wanaoziendeleza hadi leo kwa sababu ya sauti yake. Jemaniamu huvumilia joto kidogo kuliko silikoni. Mkondo wake wa kuvuja huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na transista ikipata moto kupita kiasi tabia yake huharibika moja kwa moja. Fundi ashike mguu wa transista kwa koleo ndogo, kati ya kiungo na mwili wake, ili koleo lilinyonye joto kabla halijafika ndani. Baada ya kulehemu, asubiri dakika kadhaa kabla ya kupima au kuamua ubora wa sauti, kwa kuwa transista yenye vuguvugu haitoi vipimo vya kweli.

Swichi ya kukanyagia na soketi ya plagi ya milimita 6.35 zina adui mwingine, nao ni nguvu za mikono na miguu. Zikiwa zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kila mkanyago na kila mvuto wa waya hufika kwenye vidoa. Hapa mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ustadi wa mkono. Kwanza vipande hivyo vifungwe kwenye kisanduku kwa nati zake mpaka vikae barabara, ndipo vilehemiwe kwenye bodi. Fundi akilehemu kwanza na kukaza nati baadaye, chuma cha kisanduku kitaivuta bodi mahali pasipo pake, na vidoa vitabaki vikivutwa daima mpaka siku kimoja kitakapopasuka. Swichi nyingi za pedali zina miguu 9 iliyosongamana, na ndani yake mna plastiki. Iwe inalehemiwa mguu mmoja mmoja, kwa kurukaruka na kwa kupumzika.

Kung'oa, na kuponya kidoa kilichobanduka

Hatari kubwa kwa vidoa huja wakati wa kung'oa kuliko wakati wa kuweka, kwa kuwa hapo ndipo joto na nguvu hukutana. Ikiwa kipande kimekwisha kufa, hakuna sababu ya kukitoa kikiwa kizima. Kikatwe miguu kwa koleo la kukatia, kisha kila mguu utolewe peke yake. Juu ya lehemu kuukuu iongezwe lehemu mpya kidogo. Fluksi yake huamsha ile ya zamani, na kiungo huyeyuka kwa haraka. Mguu uondoke wenyewe kwa kulegea, bila kuchokonolewa.

Kidoa kikibanduka pamoja na tahadhari zote, pedali haijafa. Kazi ya kidoa ni kukiunganisha kipande na njia ya shaba, na njia hiyo aghalabu ingali nzima. Fundi aifuate kwa lenzi mpaka ajue inakwenda wapi. Akwangue taratibu rangi inayoifunika mpaka shaba ionekane kwa milimita 2 au 3, aipake lehemu, kisha aulaze mguu wa kipande juu yake na kuulehemu. Mguu ukiwa mfupi, atumie waya mwembamba wa milimita 0.25 hadi kiungo kinachofuata cha njia hiyo hiyo. Kipande chenyewe kishikizwe kwenye bodi kwa gundi ya epoksi, kwa sababu sasa hakina kidoa cha kukishikilia. Mwisho apime kwa mita kwamba umeme unapita panapotakiwa, na haupiti pasipotakiwa.

Afya ya fundi

Katika joto la kulehemu risasi haigeuki mvuke wa kutisha. Moshi unaoonekana ni wa fluksi, nao si salama: utomvu wa msonobari unaoungua unajulikana kuwa husababisha pumu kwa wanaouvuta mara kwa mara kazini. Dirisha liwe wazi, na feni ndogo iuvute moshi mbali na uso.

Risasi huingia mwilini kwa njia ya mikono. Vumbi na chembe zake hubaki vidoleni, vikafika mdomoni pamoja na chakula au sigara. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakijulikani kiasi chochote cha risasi kilicho salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi waliyomeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Kwa hiyo meza ya kulehemu isiwe meza ya chakula, watoto wasichezee mabaki ya waya, na mikono ioshwe kwa sabuni mara kazi inapokwisha. Waya wa lehemu usishikwe kwa meno, desturi ambayo ingali ikionekana kwa mafundi wengi mikono yao inapojaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila tendo la kulehemu huipitisha gundi ya bodi kwenye joto linaloilainisha, na kwamba usalama wa kidoa hutegemea ufupi wa muda na kutokuwapo kwa nguvu. Usafi wa shaba, upana wa ncha, uwezo wa chuma na mpangilio wa kazi ni njia za kuyafikia hayo mawili. Anayeanza asifanye mazoezi yake ya kwanza juu ya pedali ya mtu. Atafute bodi ya redio iliyokwisha kutupwa, ang'oe vipande vyake ishirini na kuvirudisha, huku akihesabu sekunde kwa sauti. Atakapoweza kuvirudisha vyote bila kidoa hata kimoja kubanduka, mkono wake utakuwa tayari kwa kazi ya pedali.